Tambi za Chumvi

Niliachwa na mchumba kwa sababu ya bakuli la supu. Nalisema mwanzoni kabisa, kwa kuwa wapo wanaopenda kulisimulia jambo hili kwa kunong'ona, utadhani niliiba kuku wa mtu, na mimi sikuzaliwa na mdomo wa kunong'ona. Nilikula supu, nilikula mchana kweupe, nilikula nimekaa kitini, na aliyekuwa meza ya pili ni baba mzazi wa mwanamume aliyetaka kunioa. Hayo ndiyo makosa yangu yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni pale Tabora. Kwetu ni kijijini, kwa wakulima, lakini kazi ilinileta mjini nikakaa Isevya kwa mama mdogo, aliyeolewa na fundi seremala. Asubuhi niliwafundisha watoto themanini a, e, i, o, u mpaka sauti ikanikauka. Mchana nilirudi kula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani na kuungwa kwa karanga, nimekaa kwenye kigoda jikoni pamoja na mama mdogo na binti zake, moshi machoni. Baba mdogo alikula barazani na wanaume wenzake. Kila nikimega tonge la tatu sauti ilitoka barazani: maji ya kunawa. Tonge la tano: chumvi. Tonge la saba: mboga imekwisha huku. Anayeinuka ni nani? Mdogo kuliko mama mdogo na mkubwa kuliko watoto. Yaani mimi.

Hivyo ndivyo tulivyoikuta dunia. Kijijini wanaume hula kikomeni, kwenye moto wa nje, na wanawake hula jikoni. Mjini kikome kilipata bati na mlango kikaitwa hoteli, lakini kilibaki kikome. Vita vilipokwisha na askari wetu wakarudi kutoka Burma, hoteli ziliota Tabora kama uyoga wa masika. Moja karibu na stesheni kwa ajili ya abiria wa Kigoma na Mwanza, moja nyuma ya soko, na nyingine hata sijui zilikuwa wapi maana zilifungwa kabla hatujazifikia. Nasema hatujazifikia kwa sababu nilikuwa na mwenzangu, jirani yetu pale Isevya, muuguzi wa hospitali, binti wa Kimoravian mwenye vicheko vingi. Sisi wawili tulikubaliana tuonje kila hoteli mpya itakayofunguliwa. Tulikuwa tunafanya kazi kama wanaume. Kwa nini tusile kama wao?

Hoteli ya stesheni hawakutufukuza. Mtumishi alitutazama kwa huruma, kama watu waliopotea njia, akasema, "Dada zangu, bakuli leteni kwa nyuma." Tukala pilau nyuma, tumesimama karibu na kuni, kuku wakitudonoa vidole vya miguu. Pilau lilikuwa tamu sana, na hilo liliniudhi zaidi.

Ya nyuma ya soko ilikuwa na ustaarabu wake. Mwenyewe alitundika kipande cha amerikani kwenye kamba pembeni, akatuketisha nyuma yake. Tulikula chapati na maini tukisikiliza wanaume upande wa pili wakikisia sisi ni mabinti wa nani. Mmoja alisema kwa viatu vyetu tu anajua tumesomeshwa na masista. Mwenzangu alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka. Nilimwambia mwenye hoteli kwamba pazia lake linanuka, na sikurudi tena.

Ya tatu ilikuwa ya mwanamke.

Alikuwa mjane, Mwislamu wa palepale mjini, wa zile familia zilizokaa Tabora tangu babu zao walipotua mizigo ya misafara wakakataa kuendelea. Mumewe alikuwa askari Burma. Alirudi na mguu mbovu na kumbukumbu ya supu. Mama huyo mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo: mume wake aliikumbuka supu kuliko alivyoikumbuka vita. Huko walikokuwa, wenyeji waliuza kando ya barabara supu ya mifupa yenye nyuzi ndefu za unga ndani yake, na askari wetu waliila mvua ikinyesha, wakajiona wako nyumbani ingawa nyumbani hakuna kitu kama hicho. Basi mwanamume akawa anakaa uani akimweleza mkewe, na mkewe akijaribu. Nyuzi alizozijua ni tambi, na tambi kwa waungwana wa Tabora zilikuwa kitu cha sukari, iliki na samli, chakula cha futari na cha Idi. Yeye akazitia chumvi. Mume akionja alisema, "Bado." Akaongeza tangawizi. "Bado." Akachoma kitunguu mpaka kikawa cheusi, akakitumbukiza. Siku hiyo mume alisema, "Karibu." Alifariki wakiwa wamefika hapo, kwenye karibu, na mjane alipotoka eda akafungua hoteli.

Mji ulichachamaa. Mzee mmoja wa kanzu alisimama mlangoni akamwambia, "Leo tambi unazitia chumvi, kesho utaitia halua pilipili." Mama akamjibu, "Pilipili ninayo, mzee wangu. Karibu kesho." Maneno hayo yalizunguka mji mzima, na ndiyo yaliyotupeleka.

Tulifika tukauliza, kwa mazoea, mlango wa nyuma uko wapi. Akatushangaa. "Mlango ni huu mmoja," alisema. "Na viti ndivyo hivi. Mwenye njaa anakaa."

Tukakaa. Ilikuwa meza ya mbao, kazi ya baba mdogo wangu mwenyewe, naijua mikono yake. Bakuli lilikuja likitoa mvuke: supu ya mifupa ya mbuzi iliyochemka tangu alfajiri, kahawia, yenye macho ya mafuta juu, na tambi zimejikunja chini, na nusu ya yai la kuchemsha. Kwetu mwanamke alikuwa hali yai, eti atazaa mtoto asiye na nywele. Nilianza na hilo yai. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tambi zenyewe zilitutoa jasho. Ukizichota kwa kijiko zinateleza zinarudi zilikotoka. Ukizishika kwa vidole zinakuunguza. Mama alisema mumewe aliona wenyeji wa Burma wakila kwa vijiti viwili, na alijaribu kumchongea, naye akavitumia kuchochea moto. Mwishowe alituonyesha: inua bakuli mpaka mdomoni, vuta, na usijali sauti. Sauti ilikuwa kubwa. Kwetu mlaji anayevuta kwa sauti hivyo hupigwa kibao akiwa mtoto ili asiaibishe ukoo. Nilivuta. Tangawizi ilinipanda puani, pilipili manga ikanishika kooni mahali palepale ambapo a, e, i, o, u ilikuwa imepakwangua juma zima, na machozi yakanitoka, nikayaacha.

Lakini niseme kweli, si tangawizi iliyoniliza. Nilifika mwisho wa bakuli bila mtu kuniita. Hakuna aliyetaka maji, hakuna aliyetaka chumvi. Miaka ishirini na mbili, na huo ndio mlo wa kwanza niliomaliza bila kuinuka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana nilikuwa pale, mwenzangu akiwa zamu hospitali nakwenda peke yangu.

Mama mdogo alisikia Jumamosi ya pili. Hakunifokea. Alingoja tukiwa tunapepeta mtama uani, akaanza polepole.

"Mwanangu, nyumbani kwangu kuna njaa?"

"Hakuna, mama."

"Basi mwanamke anayekula njiani anatafuta nini?"

"Kiti," nilisema.

Akadhani namdhihaki. Akaniambia mwacha mila ni mtumwa. Nikamjibu kwamba bibi yetu, yeye huyohuyo tunayemsifu kila msiba, alitembea na msafara mpaka pwani akiwa amejitwika vyungu na mtama nyuma ya mumewe, miezi mitatu kwenda na miezi mitatu kurudi, na huko njiani alikula mbele ya watu wa makabila yote. Jiko la kujifichia alilipata wapi?

"Alikula amegeuka," alisema mama mdogo.

"Miezi sita?"

"Miezi sita."

Alinipeleka mpaka kwa padri mmoja wa seminari ya Kipalapala aliyekuwa amekuja kuungamisha parokiani kwetu. Padri alisikiliza mambo yote, akafuta miwani, akasema yeye haoni dhambi katika supu ya mbuzi isipokuwa Ijumaa. Mama mdogo alirudi nyumbani amekasirika na Kanisa zima.

Lakini alikuwa na jambo la haki, na nililijua. Nilikuwa na mchumba. Alikuwa karani wa reli Kigoma, mtu mpole, mwenye mwandiko ulionyooka kuliko reli yenyewe, na barua zake nilizisoma mpaka mikunjo ikachanika. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema sikumpenda ndiyo maana nilifanya nilivyofanya. Posa ilikwisha pokelewa, na harusi ilikuwa ikingoja mavuno. Watu wao ni wa Usinge, kule msituni kwenye mizinga ya nyuki. Baba yake alikuwa mrina asali na alikuja Tabora kwa treni mara mbili tatu kwa mwaka kuuza asali na nta.

Na kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamke aliyeposwa haonwi na baba mkwe akila, wala yeye hamwoni baba mkwe akila, mpaka ndoa ifungwe, mtoto wa kwanza azaliwe, na mzee amfungue mdomo kwa zawadi yake mwenyewe. Kabla ya hapo kinywa cha mmoja ni aibu ya mwingine. Wakikutana njiani, binti anapiga magoti pembeni, anafunika uso, mzee anapita. Wakikutana kwenye chakula... Sikuwahi kusikia wamekutana kwenye chakula. Hakuna aliyeweka kanuni kwa jambo hilo, kwa kuwa halikuwa likiwezekana. Mkwe wa kike yuko jikoni na mkwe wa kiume yuko kikomeni, watakutanaje?

"Siku atakayokukuta pale," mama mdogo aliniambia, "uchumba umekwisha, na hakuna wa kuutetea. Hata mimi nitanyamaza."

"Liwalo na liwe," nilisema, kwa mdomo. Moyoni nilihesabu kwamba Usinge ni mbali.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa saba limekaza, mimi peke yangu kiti cha pili kutoka mlangoni. Bakuli langu limeletwa sasa hivi. Wanaume kama wanane walikuwa humo, mafundi na wabeba mizigo wa stesheni, wengi wao Wanyamwezi, na walikwisha nizoea. Mzee akaingia. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka, ana madebe mawili ya asali aliyoyatua taratibu karibu na mlango. Akaketi meza ya mbele yangu, akapangusa uso kwa kiganja, akamwita mwenye hoteli mama kwa Kinyamwezi, "Mayo, nipe chochote cha moto. Nimetoka Usinge jana, sijatia kitu mdomoni."

Nilimtambua kabla hajamaliza. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya posa, kwa kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Yeye hakuwahi kuniona uso. Siku ile nilipitishwa mbele yake nimefunikwa kanga gubigubi.

Fikiria basi. Hakunijua. Ningenyamaza nikala supu yangu, angekula yake, angechukua madebe yake akaenda zake sokoni, na leo ningekuwa bibi wa wajukuu wa Usinge. Lakini nilikuwa nimelelewa. Mzee ameingia, mzee wa watu wangu, nami nimemjua, halafu nimkalie kitini kama gogo? Miguu yangu ilitenda kabla ya akili. Nikashuka kitini, nikapiga magoti sakafuni, nikapiga makofi taratibu kama tunavyofanya, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema akitabasamu. "Wewe binti wa nani?"

Na mimi, mpumbavu wa adabu, nikamtajia baba yangu.

Tabasamu lilimwanguka. Akatazama bakuli langu mezani, akanitazama mimi, akageuza uso haraka kama aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu. Wakati huohuo mama mwenye hoteli akamwekea supu yake mbele. Wale wabeba mizigo walilijua jambo hilo kuliko nilivyolijua mimi, na vijiko vyao vilisimama hewani.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa wazi. Nijifunike kanga usoni, nirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nitoke, na nisionekane tena mahali pale mpaka kufa. Yule mzee alikuwa akiningoja nifanye hivyo. Wote walikuwa wakiningoja. Na nilikuwa na njaa, na supu ilikuwa pale, na nikahisi hasira ikinipanda kutoka magotini, ile ya matonge yote ya tatu na ya tano na ya saba tangu nilipoanza kujua kubeba kata ya maji. Nilisimama. Nikarudi kitini nikakaa.

Mzee alihema. Hakugusa supu yake. Hakuweza. Mila iliyonifunga mimi ilimfunga yeye pia, na hilo sikuwa nimewahi kulifikiria. Mtu mzima mwenye mizinga mia, ametoka Usinge jana, yuko mbele ya chakula na hawezi kukila kwa sababu ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mama mwenye hoteli, ambaye kwao hayo hayapo, alimjia akauliza, "Mzee wangu, supu ina kasoro?"

"Haina, mayo."

"Mbona huli?"

Mama akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu?"

Mbeba mizigo mmoja akamnong'oneza sababu. Mama akapiga kofi paja lake. "Basi nitundike kanga katikati," alisema, "kila mtu ale kwa amani." Alikuwa na nia njema, na wote wakaguna kukubali, hata mzee aliitikia kwa kichwa akitazama mlango. Lilikuwa jambo la busara. Na mimi nikasema hapana.

"Sitakula nyuma ya pazia," nilisema. "Nililiacha kule nyuma ya soko. Baba, unisamehe. Mimi sitoki, na wewe usitoke. Supu inapoa."

Nikainua bakuli kwa mikono miwili nikavuta tambi. Katika kimya kile sauti ilikuwa kama ng'ombe anayekunywa mtoni. Nilivuta tena. Sikusikia ladha yoyote, nakiri, nilikuwa nala woga mtupu. Wanaume wanane walinitazama na hakuna aliyetafuna.

Ndipo niliposikia kiti kikiburutwa. Nikajua anaondoka. Lakini hakuondoka. Mzee aligeuza kiti chake, akalibeba bakuli lake, akaketi kuuelekea ukuta, pua yake shubiri moja kutoka kwenye chokaa, akaanza kula. Alikula haraka, mabega yakipanda na kushuka. Tulikula hivyo, mimi nikitazama mgongo wake na yeye akitazama ukuta, mpaka mabakuli yote mawili yakawa matupu.

Alipomaliza alisimama bila kugeuka. Kwa kuwa hakutakiwa kusema nami, alisema na mama, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mayo, mimi hapa sikumwona mtu. Nimeona ukuta." Akajitwisha madebe yake, akatoka.

Alikuwa amenipa mlango wa kutokea. Na niseme aibu yangu: niliupenda. Nilirudi nyumbani kwa furaha, sikumwambia mama mdogo neno, nikanyamaza wiki mbili nikijiona mjanja kwa kuwa nimekula na sijakamatwa. Ule ushujaa wote wa hotelini niliukunja nikauweka sandukuni.

Lakini wale wanaume wanane walikuwa na midomo, na mmoja alikuwa na shemeji Usinge. Habari ilifika kabla asali haijaisha kuuzwa. Ikaja barua kutoka Kigoma, mwandiko umenyooka vilevile. Mchumba wangu aliandika kwamba kwao kuna kelele, mama yake analia, wazee wa ukoo wamekaa. Baba yake ameulizwa mara tatu, na mara tatu amesema hakumwona mtu. "Nami najua watu ni waongo," aliandika. "Andika mistari miwili tu kwamba hukuwa wewe. Nitawasomea wazee, na yatakwisha."

Mama mdogo alinisimamia pale mezani. Aliniletea wino mwenyewe. "Mistari miwili," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee amekufunika. Mume amekufunika. Wewe unataka nini tena?"

Nilishika kalamu nikaandika, Mpenzi, sikuwa. Nikasimama hapo. Niliyatazama maneno hayo mawili, na nikaona maisha yangu yote mbele: ninakula jikoni, mtu anauliza nani amekula, nami nasema si mimi. Nikachana karatasi. Mama mdogo akapiga ukelele kama nimemchana yeye.

Nikaandika upya. "Nilikuwa mimi. Nilikaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Nilikula supu ya tambi bakuli zima, na yai. Baba yako hakunikosea wala hakunitazama, ana heshima kuliko wote wanaomuuliza maswali. Nitakupikia siku zote za maisha yangu na nitakula pamoja nawe, mezani. Ukinioa, unioe na hilo. Wasomee wazee."

Jibu lilichukua mwezi. Lilikuwa mistari miwili. Sitaiandika hapa, ni yake. Nililia mpaka watoto wa darasa la kwanza wakaniletea maji. Mama mdogo, ambaye alisema atanyamaza, hakunyamaza hata siku moja, na kila aliyekuja kuazima chungu au chumvi alisimuliwa upya. Mwenzangu muuguzi alisema nimefanya vizuri, kisha akaolewa na mwanamume wa Sikonge na sikumwona tena hotelini. Jumamosi nilikwenda peke yangu. Wapo waliotema mate nilipopita. Nilikaa kiti cha kati, kile kinachoonekana vizuri zaidi kutoka barabarani.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa pale, bakuli mbele yangu, mzee wa Usinge akaingia na madebe yake. Alikuwa amekonda. Niliinuka kitini nipige magoti.

"Kaa," alisema. "Mimi si mkwe wako tena."

Akavuta kiti cha upande wa pili wa meza yangu, akakaa uso kwa uso nami, akaagiza tambi. Zilipokuja aliinua bakuli akavuta kwa sauti, mchuzi ukimtiririka kidevuni, akinitazama. Nami nikala. Hakuna mila iliyovunjwa. Binti wa watu na mzee wa watu, wageni wawili mezani, hakuna cha kuwazuia.

Alipofika nusu ya bakuli alipumzika. "Nilimkataza asiiandike ile barua," alisema. "Alimsikiliza mama yake." Akafuta mdomo. "Ungekuwa mkwe mwema."

"Huenda, baba," nilisema, na nilikuwa nalia tena na sikujificha. "Lakini leo ungekuwa unakula umegeukia ukuta."

Alifikiri juu ya hilo, akitafuna polepole.

"Kweli," alisema. "Na shingo iliniuma siku mbili."

Akaagiza bakuli la pili, tukaendelea kula tunatazamana.